Nilizuia Ndoa ya Malkia, Sasa Hawanisomei

(Wasomaji mnaofuata Mito Iliyolala na hamjamaliza kitabu cha nne, rukeni ukurasa huu. Mimi mshauri wenu nimeshindwa kuificha siri, kwa kuwa kesi yenyewe ndiyo hiyo siri.)

Mshauri Edina, mimi ni mzee wa miaka sabini na tisa, nimepita njaa, nimepita nzige, nimepita operesheni ya vijiji walipobomoa tembe ya baba yangu, nimewazika wenyeviti wanne wa kijiji na daktari mmoja aliyeniambia niache nyama ya mbuzi la sivyo sitamaliza mwaka, yeye ndiye hakuumaliza, kwa hiyo ukisikia mtu kama mimi anaomba msaada ujue amekwama kwelikweli.

Kusoma nilijifunza ukubwani, ngumbaru, na katika darasa letu mimi ndiye wa kwanza kuandika jina langu bila kushikwa mkono, hadi leo nasoma kwa kidole na mdomo lakini nafika, na hapa Makutupora hakuna mwanaume wa rika langu aliyemaliza kitabu kinene kama tofali isipokuwa mimi, ingawa rika langu tumebaki watatu na mmoja haoni.

Sasa hapa kwetu yuko mama mmoja Mrangi wa Kondoa, jina lake Kuluthumu, sisi tunamwita Mama Salma, anauza chai na chapati karibu na mashamba ya zabibu, na huyo binti yake Salma ni mwalimu, akamletea vitabu saba vya hadithi moja ndefu inaitwa Mito Iliyolala, humo kuna wafalme na waganga wa mvua na ndege wanaosema na vita visivyokwisha, basi jioni tukitoka kupogoa mizabibu Mama Salma anatusomea kurasa chache watu wanakunywa chai, mimi mbele kabisa kwenye kigoda changu, tukafika kitabu cha nne bila ugomvi wowote.

Ndipo mjukuu wangu Devota, anayesoma chuo kikuu hapo Dodoma, akaja likizo na kitabu kingine cha hadithi hiyohiyo, Kabla Mito Haijalala. Nikamwambia nipe. Akasema, "Babu, hicho kinasomwa mwisho, kimeandikwa baada ya vyote." Nikamuuliza kinaeleza mambo ya lini. Akasema ya zamani, kabla ya kitabu cha kwanza, enzi za wazazi wao. Nikamwambia basi ndicho cha kwanza, wewe umeona wapi mtu anamjua mtoto kabla ya baba? Kwetu Ugogo mgeni akiingia nyumbani unamuuliza ukoo wake na wa mama yake kabla hajakalia kiti vizuri, ndipo unajua huyu ni mtani, huyu ni ndugu, huyu binti yangu anaweza kumwangalia au hawezi. Akacheka akaniachia. Nikakisoma chote, macho yalitoka machozi, nikakimaliza.

Mshauri, humo ndani dada mkubwa wa Malkia Sidaye anazaa mtoto wa kiume kwa siri, wanamvusha mto usiku amefungwa kibuyu kitupu shingoni, na kitabu kinaishia hapo, mtoto yuko ng'ambo. Nikanyamaza nalo, mimi si mtu wa maneno maneno.

Wiki mbili baadaye tuko pale kwa Mama Salma, anasoma, na Malkia Sidaye ambaye tangu kitabu cha kwanza yuko peke yake na maadui zake anatembelewa na mgeni amefunika uso, kijana, mpole, jasiri, na shingoni ana kibuyu kitupu. Nikakitambua kibuyu kile. Watu wote wanampenda, hata Meshack wa bodaboda aliyekuwa anasinzia akaamka. Mama Salma akasoma, "Malkia akaushika mkono wa mgeni, akasema, kesho baraza lote litajua kwamba nimepata mume." Watu wakapiga makofi, akinamama wakapiga vigelegele, Meshack akasema, "Mahari tunachanga, mimi natoa mbuzi!"

Sasa wewe mshauri ungekaa kimya? Nikasimama nikasema, "Hakuna ndoa hapa! Huyo ni mtoto wa dada yake! Anataka kuolewa na mwanawe!"

Mama Salma akaniangalia. "Mzee Nikodemo, wewe umejuaje?"

"Nimesoma ukoo wake."

"Umeusoma wapi, na vitabu ninavyo mimi?"

Nikakitoa kile cha Devota kwenye koti nikamwonyesha. Hakukishika. Akafunga cha kwake, akakifunika kwa kitambaa cha chapati. "Tangu mwaka juzi namsubiria huyu mwanamke apate mtu wake," akasema, "nimepika chapati nikimuwaza. Wewe umeninyang'anya mdomoni. Nendeni makwenu, chai imekwisha." Chai ilikuwepo, birika limejaa, nililiona.

Tangu siku hiyo hasomi. Amesema atasoma siku nitakapomwomba radhi mbele ya watu wote, nami nikasema nitaomba siku atakaponishukuru kwa kuzuia mwiko. Watu wananinunia. Meshack akinipita anapunguza pikipiki, "Shikamoo mzee, leo umevunja ndoa ya nani?"

Lakini linalonitafuna si hilo. Mshauri, walioana au hawakuoana? Mimi najua yule kijana ni nani kuliko anavyojijua mwenyewe, na sijui kama alilala pale ikulu au aliondoka! Nalishwa ugali na mlenda sioni ladha. Devota anajua, nikimbembeleza anasema, "Babu, sikuambii hata unipe shamba." Vitabu viko kwa Mama Salma peke yake. Nifanyeje nijue, bila mtu mzima kama mimi kujishusha kwa kosa ambalo si kosa?

Kama unadhani naongopa muulize Devota, muulize Meshack ingawa ataongeza chumvi, na muulize mwinjilisti Luka, alikuwepo na chapati mkononi, huyo tangu apewe uinjilisti hawezi kudanganya.

Mzee Nikodemo, Makutupora

*

Mzee wangu Nikodemo, shikamoo. Nimekusalimu kwa heshima, sasa uniruhusu nikuseme, maana mimi mwenyewe niko kitabu cha tatu. Umenimalizia na mimi.

Nakuelewa. Kumwona mtu anaelekea kwenye mwiko na kumwachia aende, mzee wa kweli hawezi. Na mtu aliyejifunza kusoma ukubwani akalia machozi kwa kitabu, huyo namvulia kilemba. Ila umekosea, tena umekosea kwa desturi yako mwenyewe. Mgeni akifika kwako, ukoo wake anautaja nani? Anautaja mgeni. Wewe mwenyeji unauliza, unasubiri, unampa maji. Huyu kijana alikuwa bado mlangoni, uso umefunikwa, hajaulizwa, wewe ukamjibia. Tena kwenye nyumba ambayo si yako, mbele ya mama aliyewakaribisha.

Unasema asiyemjua baba hamjui mtoto. Sawa, lakini mwandishi huyu alimzaa mtoto kwanza, baba akamzaa baadaye. Alitaka tumpende kijana kabla ya kujua, ili tutakapojua tushtuke. Mama Salma amengoja mshtuko huo muda mrefu, ukamnyima. Hukumwokoa Malkia, mzee wangu. Malkia ameshachapwa. Alichoamua kiko kwenye karatasi tangu kabla hujasimama, na kelele zako hazikumfikia.

Na angalia jinsi ulivyobaki: unajua ukoo wote, mtu mwenyewe humjui. Ungekuwa unamjua usingeniuliza kama alilala ikulu.

Sasa fanya hivi. Usimtume Devota, usimtume mwinjilisti. Nenda wewe, jioni, watu wakiwa wamejaa, maana uliharibu mbele yao. Usikae. Sema, "Mama Salma, nimekosa, naomba radhi," ukome hapo. Usitie "lakini". Usitaje mwiko. Meshack akicheka, mwache acheke, huo ni ushuru wako. Kisha mkabidhi hicho kitabu chako akiweke kabatini hadi cha saba kiishe, na siku hiyo uombe wewe ndiye uwasomee, kwa kidole na mdomo, hata kama itachukua masika mawili. Hapo ukoo wote ni wako kuutaja.

Akifungua ukurasa ule, wapo watakaokugeukia kuona unavyojua. Usitikise hata kichwa. Wakikuuliza, "Mzee, huyu mgeni sasa itakuwaje?" wajibu ukweli: hujui. Kisha mwambie Mama Salma aendelee.