Karatasi Iliyokuwa Chini ya Kanzu

Kwako dada Zaina,

Unakumbuka mwaka wangu wa mwisho wa masomo ya sheria, nilivyokuwa nakusomea Katiba huku ukikaanga sambusa uani kwetu Buyenzi? Nilifika pale panapolinda uhuru wa mawazo, dhamiri na dini. Ukaacha kugeuza sambusa.

"Hiyo iko ya mi pia?"

"Ya kila mutu, dada," nikajibu, kifua mbele.

Ziliungua, tukazila hivyo hivyo. Sikujua kwamba ulikuwa umeshaanza kusali na wale akina mama wa Kikongo uliouza nao vitenge. Ulipobatizwa, nyumba yetu nzima ya Waislamu ilikununia. Mimi peke yangu niliendelea kukutembelea, na kwa hilo tu nikajiona shujaa. Ndiyo maana ile karatasi ulinipa mimi. Uliandika kwa mkono wako kwamba uzikwe na watu wa kanisa lako, kwa nyimbo zenu.

"We ni avoka," ulisema, maana nilikuwa tayari wakili. "We watakusikia."

Siku uliyofariki, wanawake walikuwa wakikuosha chumbani. Baba mdogo akaniuliza mbele ya waombolezaji wote kama uliacha neno lolote.

"Apana," nikasema.

Karatasi ilikuwa mfukoni, chini ya kanzu. Niliogopa, dada. Mimi ninayesimama mbele ya majaji kule Rohero bila kutetemeka, niliogopa kupita msikitini Ijumaa watu wakinong'ona juu yangu. Tukakuzika kama tulivyomzika baba, nami nikaitikia amina. Wenzako wa kwaya walisimama ng'ambo ya barabara, mbele ya gereji, na sare zao. Hakuna aliyewafukuza. Hakuna aliyewakaribisha pia, na mimi niligeuza uso.

Nina aibu, basi. Mahakamani huwa nawalaumu wakubwa kwa kuwanyima watu haki zao. Yako niliikunja mwenyewe nikaitia mfukoni.

Juzi Mama Furaha, yule wa kwaya yako, alinijia ofisini. Hakulalamika.

"Maître," akaniita kwa cheo cha mawakili, "Zaina hakukuachia hata karatasi?"

Ile "apana" ilikuwa tayari mdomoni. Sikuweza kuitamka tena, wala sikuweza kusema ukweli. Nikamwambia nitamjibu.

Jibu ni hili, na nimelipeleka gazetini ili baba mdogo alisome pia: karatasi ilikuwepo. Leo alasiri nampelekea Mama Furaha, kisha nitamwongoza yeye na kwaya yenu hadi lango la makaburi ulikozikwa. Waimbe. Wazee wakija juu, watanikuta mimi langoni.

Ndani sitaingia, dada, mpaka wenzako wanikaribishe.

Mdogo wako,
uliyemwamini