Kovu Nililolifuta kwa Penseli

Studio ya Picha, Mlango wa Kijani,
Nyuma ya Hospitali Kuu.
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa mpwa wangu Chiriku,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo wewe? Mumeo je, na yule mjukuu wangu mwenye maswali mia? Kifua kilichokuwa kikimsumbua kimepoa? Sisi tu wazima. Magoti yangu yamegoma kupanda ngazi, lakini macho bado yananitii, na kwa mpiga picha mstaafu hilo latosha. Mkazamjomba wako anataka nikuandikie kwa herufi kubwa kwa kuwa nawe sasa unavaa miwani. Nimekataa. Ukishindwa, binti yako akusomee.

Barua yako ilinikaa moyoni wiki nzima. Uliandika kwamba mtoto aliuliza bibi yake alikuwa na sura gani, ukamwonyesha ile picha moja ya mama yako uliyo nayo, na papo hapo ukajihisi kama unamdanganya. Unakumbuka, ukiwa na miaka sita, mwaka ule aliotutoka, ukipitisha kidole kwenye kovu shavuni mwake. Kwenye picha hakuna kovu. Ukaniuliza kama kumbukumbu hiyo ni ya kweli au umeitunga mwenyewe. Nitakujibu, ila univumilie. Unanijua: mtu akiniuliza swichi iko wapi, mimi huanza kwa kumweleza umeme.

Kovu lilikuwepo. Aliyelifuta ni mimi.

Mama yako aliangukiwa na pasi ya makaa akiwa msichana. Ikamwachia kovu kutoka kwenye taya hadi chini ya jicho la kushoto, na pembe ya mdomo ikavutika kidogo. Tangu hapo akiona kamera hugeuza shavu. "Kaka, ukinilenga tena na hilo dude lako, nalitumbukiza kwenye pipa la sabuni." Na kwa kuwa alikuwa dobi wa hospitali, pipa halikuwa mbali.

Alikubali mara moja tu, kwa sababu kazini walidai picha ya kitambulisho. Nami, kijana niliyejiona fundi, nikaamua kumfurahisha. Siku zile tulirekebisha negativu, ile filamu inayosafishiwa picha, kwa mkono. Kilicho cheusi kwenye picha huwa cheupe kwenye negativu, kwa hiyo kovu nililijaza kwa penseli laini. Mdomo nikaunyoosha. Ukingo wa taya nikaukwangua kwa wembe ili uonekane mwembamba. Alipoiona alicheka. "Mzuri," akasema. "Ni nani?"

Hiyo ndiyo picha unayoitazama mpaka leo.

Sasa sikiliza maajabu. Mkabala na studio amehamia fundi kompyuta, mwanamama mpole mwenye mikono mepesi. Mwezi uliopita alinisaidia kuingiza negativu zangu zote kwenye kompyuta, masanduku arobaini. Akaniambia ana programu ya akili mnemba inayotambua nyuso. Haioni uso kama tunavyouona sisi. Inapima: kutoka jicho hadi jicho, kutoka pua hadi mdomo, mkunjo wa taya, na mengine mengi ambayo hata aliyeitengeneza hawezi kuyataja yote. Vipimo hivyo inavigeuza kuwa safu ya namba, kisha inalinganisha safu na safu. Miaka hamsini nimetazama nyuso kwa kazi, Chiriku, na nakiri kwamba nilikaa mbele ya kioo cha kompyuta ile kama mwanafunzi wa siku ya kwanza.

Nikampa ile picha ya kitambulisho, tumtafute mama yako. Mashine ilipitia nyuso elfu thelathini kabla chai haijachemka, ikarudi mikono mitupu.

"Mzee," fundi akaniuliza, "hii picha ni ya kweli?"

"Ni ya kweli kiasi."

"Kiasi gani?"

Nikamweleza habari ya penseli na wembe. Akavua miwani, akanitazama. "Kumbe tunaisumbua bure! Tumeituma imtafute mtu ambaye hajawahi kuzaliwa."

Akashauri tutumie uso wa ndugu wa damu. Hapo nilifanya jambo ambalo naomba unisamehe. Nilichukua picha yako uliyonitumia mwaka jana na kuiweka kwenye mashine bila kukuomba ruhusa. Furaha ilinitangulia. Nilikumbuka adabu baadaye, kazi ilipokwisha, nikasimama pale mpaka fundi akafuta picha na vipimo vyako. Kompyuta yenyewe haikuwa imeunganishwa na mtandao. Hata hivyo uso ni wako, na ilikuwa haki yako kuulizwa.

Jibu lilikuja kama orodha, wanaofanana nawe zaidi wakiwa juu. Maana mashine haisemi "ni huyu." Inasema tu "huyu anafanana, kwa kiwango hiki," na kuamua inatuachia sisi. Wa kwanza nilikuwa mimi, nikiwa na miaka ishirini. Wa pili alikuwa muuza nyama wa zamani pale kona, jambo ambalo mkazamjomba wako amelifurahia kupita kiasi. Kila jioni ananiuliza kilo moja bei gani. Chini yao zilikuwepo picha tatu zenye mwanamke mmoja kwa nyuma, mdogo kama punje. Tukamkuza. Alikuwa mama yako.

Kabla sijafika huko, nikusimulie jambo moja lililonipunguzia kiburi. Fundi cherehani wa jirani alisikia habari, akaja mbio. "Mzee, nitafutie mke wangu humo. Nataka kujua alikwenda sherehe za nani kabla sijamwoa mimi."

"Muulize mwenyewe," nikamwambia.

"Nikimuuliza atanuna."

"Basi umeshajibiwa."

Alicheka, akaondoka, lakini mimi sikucheka sana. Watu walikaa mbele ya kamera yangu kwa kuniamini. Wengine walipita tu nyuma, wakiwa na mambo yao. Hakuna aliyejua kwamba iko siku mashine itaweza kumchomoa kila mmoja kutoka kwenye kundi na kusema alikuwa wapi na nani. Naipenda mashine hii, sikufichi. Ndiyo maana nimemwambia fundi kompyuta afute vipimo vyote vya nyuso. Negativu zimerudi masandukuni, na ufunguo ninao mimi.

Sasa hizo picha tatu. Katika ya kwanza mama yako ameanza kugeuza shavu. Katika ya pili ameinua kapu la mashuka, limemfunika nusu ya uso. Nilizitazama siku mbili. Hakutaka kuonekana, na kama nilimkosea kwa penseli, sikutaka kumkosea tena kwa kompyuta. Hizo sikutumii, na nakala zake nimezifuta.

Ya tatu iko ndani ya bahasha hii. Wale waliojipanga kwenye ngazi za hospitali ni wauguzi waliohitimu mwaka ule. Wakati napiga niliwaona wao tu. Nyuma yao, mlangoni pa chumba cha kufulia, mama yako amesimama na mtoto mkononi. Ameniona. Anaitazama kamera moja kwa moja, na shavu la kushoto ameliacha kwenye mwanga. Mashine iliweza kumpata, lakini haikujua alichokifanya pale. Mimi najua, kwa kuwa kwa miaka yote niliyomfahamu hakuwahi kukifanya kwa hiari yake siku nyingine yoyote.

Usiibandike mtandaoni, tafadhali. Mwonyeshe mjukuu wangu, mkiwa mmekaa pamoja. Mkazamjomba wako amekufungia na kitambaa cha miwani. Msalimie mumeo, mwambie simdai barua, namdai sauti yake kwenye simu. Mbusu mtoto kifuani pale panapomsumbua. Mungu awafunike kwa afya, na safari zenu zote ziwarudishe nyumbani salama.

Kabla hujaikunja barua, ichukue ile picha uipeleke dirishani, umtazame huyo mtoto. Ni wewe, mwaka mmoja na miezi kadhaa. Angalia mkono wako wa kulia ulipo. Kidole kiko kwenye kovu.

Akupendaye leo kama siku ile,
Mjomba wako, mwenye penseli