Mche wa Miiba Nyuma ya Jiko

Muheza, Tanga,
9 Agosti 1956.

Mpendwa dada Elizabeti,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta huko Mwanza ukiwa na afya njema, na kwamba kikohozi cha shemeji Luka kimepoa. Sisi hatujambo, mguu wa mama tu ndio humsumbua asubuhi.

Uliniuliza kama mama bado anataka kurudi Bumbuli peke yake, kwenye nyumba ile inayovuja. Dada, sasa lala usingizi. Atakaa nasi, ingawa mwenyewe hajatamka.

Unayakumbuka yale matunda mekundu ya miiba, mfano wa forosadi, tuliyokuwa tukichuma kando ya kahawa? Mwaka juzi, baada ya kumzika baba, mama alishuka huku kwetu kutoka Bumbuli na shina lake moja ndani ya gome la mgomba. Akalipanda nyuma ya jiko, kivulini mwa mchungwa, akasema, "Likifa, nitajua hapa hapanifai."

Jirani yetu Bi Ghanima, ambaye uwanja wake hufagiwa hata jani usilione, alimcheka: "Mama Elizabeti, miiba uani? Mnafuga simba?" Mama akamjibu, "Nazuia majirani." Tangu siku hiyo hawaachani.

Januari ya mwaka jana jua lilichoma, shina likakauka. Mama alifunga nguo zake kitita kwa kamba, akakiweka miguuni pa kitanda. Nilikosa raha kabisa. Nilipokwenda kuling'oa shina, ncha yake ilikataa kutoka. Ilikuwa imeinama hadi chini, penye unyevu wa pipa la maji, ikaota mizizi na kuchipua. Nilipomwita mama alinikaripia, "Toa mkono, utaivunja!" Lakini kitita hakukifungua.

Jumapili iliyopita tulichuma bakuli moja la matunda. Tuliyala na maziwa ya mgando na sukari kidogo. Mama alionja, akakunja uso: "Makali! Udongo wenu hauna nguvu. Kesho niletee samadi ya mbuzi." Kisha akainamisha ncha mbili ardhini, akazifukia na kuziwekea mawe juu, ili mwakani tupate miche mingine.

Jioni niliona ameyafunga mashina kwenye nguzo yasilale. Kamba aliyotumia naijua: ndiyo ile ya kitita.

Msalimie shemeji, na Benedikta umbusu kwa niaba ya bibi yake. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Mdogo wako akupendaye daima,
Timotheo