Mbishi na Njia Aliyoiongeza Baba

Nyumbani,
Jumapili mchana.

Mpendwa Dada,

Hujambo? Mgongo umekupoa? Shemeji na mapacha wanaendeleaje? Sisi huku tu wazima, na Baba ni mzima. Nalitanguliza hilo usije ukaisoma barua hii kwa kukimbia.

Unajua namfundisha Mbishi, mbwa wetu mchanga, kufuata harufu ya mtu. Baba ndiye mweka njia, yaani yule anayetafutwa. Kila asubuhi hutembea na kipande cha nyama ya Mbishi mfukoni, kisha hukaa mwisho wa njia kutungoja. Ulinisihi nimpumzishe tangu alipoanza kutusahau majina. Nikakujibu kwa kiburi kwamba kazi ndiyo inayomshikilia.

Alhamisi upepo ulivuma kama umetumwa. Nikafurahi, maana mbwa asiyejaribiwa kwenye upepo na makelele bado hajawa mbwa wa kazi. Nikamwambia Baba apite nyuma ya karakana, akae kwenye ngazi za ghala. Baada ya nusu saa tukamfuata. Kwenye ngazi hapakuwa na mtu.

Nikalizunguka ghala mbio, Dada. Ng'ambo ya ghala kuna barabara ya malori, halafu machimbo ya mawe.

Nikaziona nyayo zake vumbini. Mbishi akavuta upande wa ukuta, hatua kumi kutoka kwenye nyayo. Nikamrudisha. Akavuta tena, nikamkaripia. Honi zinalia, mifuko ya plastiki inaruka, mbwa wa karakana anabweka, na nyayo zenyewe zikaishia kwenye lami. Hapo mwenye ghala, mtu wa maneno machache, akaniambia, "Bwana, mbona unamtafuta mzee kwa macho? Mwenye pua si huyo?"

Iliniuma, kwa sababu mimi ndiye ninayewafundisha wenzangu kwamba upepo huisukuma harufu pembeni, ikashika ukutani. Mganga hajigangi. Kumbe miezi yote, kwa kuwa njia naijua, nilikuwa nikimnong'oneza Mbishi majibu kwa kuivuta kamba yake. Nikailegeza.

Akafuata ukuta. Tukangoja malori, tukavuka. Mara mbili aliipoteza harufu, akazunguka, akaipata. Tulimkuta Baba ukingoni kabisa mwa machimbo, miguu inaning'inia. Niliogopa hata kumwita. Mbishi akamwendea polepole, akamlalia mapajani.

Baba akampa nyama yake. Akasema, "Pale kwenye ngazi palikuwa karibu mno kwa upepo huu. Nikamwongezea." Kisha akanitazama kwa upole. "Unamfundisha vizuri. Wewe ni mtoto wa nani?"

Nililia, Dada, wala sioni haya kukwambia.

Kazi sijamnyima. Sasa nampeleka mwenyewe hadi mwisho wa njia na kukaa naye, na mwenye ghala ndiye anayemleta Mbishi, maana yeye njia haijui.

Msalimie shemeji, wabusu mapacha, na shangazi mwambie dawa zake zimefika. Mungu akuchungie safari ya kuja, kwa maana lazima uje, na mapema. Ila kwanza nitumie kitambaa chako cha kichwa, ulichokivaa, usikifue. Si cha Mbishi. Ni cha Baba.

Wako akupendaye,
Kitindamimba wenu