Babu Kasema Hajambo

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla sijagombana na ukoo mzima. Mimi nalea watoto wadogo sebuleni kwangu, wazazi wanawaleta asubuhi wakienda kazini, na mmoja wao ni mtoto wa kaka yangu, ana miaka minne, tunamwita Babu kwa jinsi alivyo na adabu, na shida inaanzia hapo hapo kwenye adabu, maana akifika tu mlangoni na mama yake, mtoto ananiamkia, "Shikamoo shangazi," naitikia marahaba, namuuliza hujambo, anajibu sijambo, basi wifi anasema, "Umemsikia mwenyewe, mafua tu hayo," ananiachia mkoba na kukimbia, yeye ni keshia, akichelewa zamu yake anapewa mwingine. Kabla ya chai ya saa nne Babu yuko chini kwenye mkeka anachemka, nikimpigia wifi hapokei, kumbe alimpa dawa ya homa kabla hawajatoka, naisikia harufu yake mdomoni mwa mtoto, na kaka yangu ni mlinzi wa usiku, mchana amelala, sitaki kumsumbua. Juzijuzi kichanga cha fundi cherehani, ambacho nacho nakilea, kililazwa kwa kifua, sasa kimepona na Jumatatu kinarudi kwangu, na jana wifi kanipitia, kasema Babu amekuwa na homa homa lakini Jumatatu atamleta, nami nikaitikia sawa, kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa kuwa nikikataa atasema nambagua damu yangu kwa ajili ya watoto wa watu. Nifanyeje?
Shangazi mtu

Shangazi, pole. Ila tangu lini "sijambo" ikawa kipimo cha homa? Hata mgonjwa mwenye dripu mkononi ukimuuliza atakwambia, "Sijambo, ila mguu tu." Babu anajibu alivyofundishwa, na nyinyi wakubwa wawili mnajificha nyuma ya adabu za mtoto. Inaniudhi.

Mafua mepesi, mtoto anakula na anacheza, mpokee. Homa, kutapika, kuharisha, au mtoto asiyetaka hata kucheza, abaki nyumbani, na akiwa na homa asirudi mpaka imekata siku nzima bila dawa. Dawa ile inashusha joto tu, ugonjwa unabaki pale pale. Akipumua kwa shida, apelekwe hospitali moja kwa moja. Waambie wazazi wote leo, wifi akiwemo, ili asione umemtungia yeye sheria.

Wifi yako simlaumu sana, anaogopa kupoteza kazi. Lakini umeandika barua nzima juu yake, na kaka yako umemlaza katikati ya sentensi kama vile hana mtoto. Mwamshe, akae na Babu mchana. Baba mwenye usingizi bado ni baba, na siku mbili za kusinzia kwenye kiti hazijamuua mlinzi yeyote.

Fundi cherehani naye umwambie ukweli kabla ya Jumatatu, kwamba ulikuwa na mtoto mwenye homa. Hujui kama kichanga kiliambukizwa kwako, lakini ana haki ya kujua kabla hajakirudisha.

Na Babu akija, maliza salamu zenu, kisha chuchumaa, mguse shingo, umuulize, "Wapi panauma?" Halafu nyamaza. Mpe nafasi, maana swali hilo hajafundishwa jibu lake.