Kamera za Kihesa Zilipokataa Kuunganika

Mbalizi, Jumatano.

Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, na baridi ya leo inaingia mpaka kwenye mifupa, hasa huu wa mkono wa kulia uliofungwa plasta. Duka sijafungua. Naandika kwenye simu kwa kidole gumba cha kushoto, polepole, kwa hiyo makosa mtanivumilia.

Wiki hii nimeona damu ya dada yangu ukutani.

Nianze mwanzo, maana nikianzia kwenye damu nitashindwa kumaliza.

Mnaosoma hapa mnajua kazi yangu. Natengeneza ruta, nafunga kamera, taa za kuwashwa kwa simu, vitu vyote vya nyumbani vinavyotaka waifai. Ijumaa alinipigia Gasto, mume wa dada yangu Subi. Nyumba yao iko Kihesa, Iringa, lakini yeye anaendesha malori ya magogo huko Mgololo, kurudi nyumbani ni mwisho wa wiki, tena siyo kila wiki. Akasema vifaa vyote vya nyumba vimepoteza mtandao kwa mpigo: kamera, taa, spika ya sebuleni, hadi kufuli la geti.

"Shemeji, nenda kanirekebishie," akasema. "Dada yako nikimwelekeza kwa simu anajifanya haelewi."

Sauti ilikuwa ya upole. Gasto kwenye simu ni mpole siku zote.

Jumamosi nikapanda basi, mchana nikawa Kihesa. Subi alinifungulia geti kwa kubonyeza kitufe cha ndani, kisha akasimama pale barabarani kidogo, anaangalia juu na chini kama mgeni. Alikuwa amekonda. Nilipomkumbatia na kumpiga mgongoni kama tulivyozoea, akaruka kama nimemwagia maji ya moto.

"Una nini?"

"Mgongo tu. Ingia unywe chai."

Nikaingia, nikaweka begi, nikaanza kazi. Mimi nikiona kifaa kimegoma sioni kingine chochote, ndivyo nilivyo. Nikazima ruta, nikaiacha ipoe, nikaiwasha. Taa zake zote zikawaka vizuri, mtandao upo. Kamera zikaendelea kupepesa taa nyekundu. Nikafikiria mawimbi: ruta hizi zinarusha mawimbi ya aina mbili, na kamera za bei ya kawaida zinashika aina moja tu, ile ya polepole. Nikakagua, yote mawili yanarushwa. Nikasogeza ruta hadi jikoni, karibu na kamera ya huko. Nikaifuta kamera moja kila kitu na kuianza upya. Ikakataa.

Hapo nilikuwa nimepanda kwenye kiti, uso wangu uko sawa na kamera, na kwa mara ya kwanza nikaangalia kule inakoangalia.

Ya sebuleni ilielekea kwenye kochi. Ya koridoni ilielekea mlango wa chumba cha kulala. Ya jikoni ilikuwa juu ya jiko. Moja tu ilikuwa inaangalia geti. Nimefunga kamera kwenye nyumba nyingi Mbeya, na watu wananiambia niwafungie zinazoangalia wezi.

Nikashuka. Nikatoa simu yangu niingie kwenye mtandao wa nyumba. Pasaka nililala pale, kwa hiyo simu inalikumbuka neno la siri. Simu nayo ikakataa.

Basi ugonjwa ukajulikana. Vifaa ni vizima. Vilikuwa vinabisha hodi kwa neno la zamani, na mtu alishaweka jipya.

"Dada, nani amebadilisha paswedi?"

Subi akaweka kidole mdomoni. Akanionyesha spika iliyo juu ya kabati.

"Haisikii hiyo," nikamwambia. "Haina mtandao."

"Una uhakika?"

"Kazi yangu hii, dada."

Akakaa chini sakafuni, mgongo hajauegemeza ukutani. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Ni mimi, Atu. Nimeweka jina la mama."

Kisha akanieleza. Gasto akiwa Mgololo alikuwa anafunga geti kwa simu, na kitufe cha ndani kinakufa mpaka yeye apende. Akikasirika anamzimia taa. Anaongea kupitia kamera: inuka, umekaa sana, mbona umerudia gauni la jana, nani huyo uliyekuwa unacheka naye kwenye simu. Siku moja jirani, Mama Vumi, alikuja kuomba kuazima ungo, na sauti ya mwanamume asiyekuwepo ikamfukuza sebuleni. Mama wa watu hakurudi tena. Na Gasto akija mwisho wa wiki, anaanza kulipiza kila alichokiona kutoka huko mbali. Alikuwa amekiweka akilini chote.

Akageuka, akainua blauzi. Waya wa umeme ukikunjwa mara mbili unaacha alama yenye kitanzi mwishoni. Zilikuwa zimepandana, za zamani na mbichi.

Nikaishusha blauzi yake taratibu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia kutokea wapi? Chumba gani?"

Simu yangu ikaita. Gasto.

"Imekubali, shemeji?"

"Bado," nikasema. "Ruta imeungua. Inabidi nitafute nyingine Jumatatu."

Nikasikia honi na upepo, gari linatembea.

"Ruta haijaungua," akasema, bado kwa upole. "Sasa na wewe ameshakuharibu. Nimeshapita Mafinga. Nakuja kuangalia mwenyewe."

Nikamwambia Subi abebe anachoweza tuondoke. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Aliingia chumbani akatoka na sweta moja na viatu visivyofanana. Mimi nilikuwa natafuta bajaji kwenye simu na hakuna aliyekuwa anapokea. Nafikiri tulipoteza muda mwingi hivyo, kuzunguka ndani ya nyumba kama kuku.

Pikapu ya Gasto ikasimama nje.

Akaminya simu yake. Geti halikuitika. Akaminya tena. Ufunguo wa chuma wa lile geti ulikuwa kabatini, alishaacha kuubeba kitambo, simu ilimtosha. Kwa hiyo mwenye nyumba akawa amefungiwa nje ya nyumba yake.

"Subi! Fungua!"

Subi akanishika mkono kwa nguvu, kucha zikaingia.

"Atu, ziunganishe. Rudisha paswedi ya zamani. Akiona zinafanya kazi atatulia. Ziunganishe, mdogo wangu, nakuomba."

Ningeweza. Kurudisha neno la zamani ni jambo la dakika, na vifaa vyote vingeamka vyenyewe. Ruta ilikuwa miguuni pangu.

"Siunganishi," nikasema.

Akapiga magoti. Dada yangu mkubwa, aliyenibeba mgongoni, akanipigia magoti pale jikoni.

"Siunganishi, dada."

Nikaikanyaga ile ruta mpaka ikapasuka.

Nje pikapu ikarudi nyuma. Nikaisikia inavuta pumzi. Ikapiga geti. Nyumba nzima ikatetemeka, vikombe vikaanguka kutoka mezani. Ikarudi nyuma tena, ikapiga tena, na geti likainama na kuingia ndani pamoja na nguzo ya upande mmoja.

Alishuka na spana ya magurudumu mkononi. Mlango wa jikoni aliufungua kwa teke. Mimi hakunitazama hata kidogo, alipita pembeni yangu kama ninavyopita pembeni ya kiti. Alimshika Subi kwa misuko, akaizungusha kwenye ngumi, akampigiza uso kwenye ukuta, pale karibu na swichi. Mara ya kwanza Subi alipiga kelele. Mara ya pili hakupiga.

"Ulikuwa unaficha nini?" alikuwa anauliza. "Siku zote hizi nisione, ulikuwa unaficha nini?"

Nilimrukia mgongoni, nikamvuta mkanda. Akageuka na spana. Niliinua mkono, na niliusikia mfupa kabla ya kuuhisi. Ulilia kama bua kavu la mahindi. Nikaanguka kwenye vigae na vikombe vilivyovunjika. Yeye akarudi kwa Subi, aliyekuwa amejikunja chini ya sinki, na akaanza kumpiga mateke ya mbavu, bila haraka, anavuta pumzi, anapiga.

Kwenye jiko kulikuwa na kikaango cha chuma, kile kizito. Nikakichukua kwa mkono wa kushoto. Sijui niliinukaje. Nikampiga nacho sikioni.

Akapiga magoti. Spana ikaanguka. Akaniangalia kwa mshangao, kama ndiyo kwanza ananiona, kisha akalala ubavu.

Nikampiga tena.

Nitaliandika hili hapa kwa sababu sina pengine pa kuliweka. Pigo la kwanza lilikuwa la kumwokoa dada yangu. La pili lilikuwa langu. Alikuwa ameshaanguka, spana haiko mkononi, na mimi nililenga. Nilisikia raha. Ilipita mwilini kama uji wa moto siku ya baridi. La tatu lingefuata kama mtu asingenishika mkono kwa nyuma.

"Basi, mwanangu. Basi. Ameshalala huyu."

Alikuwa Mama Vumi. Nyuma yake walikuwepo vijana wawili waliokuwa wanajenga kwenye kiwanja cha pili, mikono imejaa sementi, na watu wengine wamejaa kwenye geti lililoinama. Mama Vumi alininyang'anya kile kikaango, akavua kitenge chake akamfunga Subi kichwani. Wale vijana wakakaa juu ya Gasto mpaka polisi walipofika. Alizinduka akaanza kulia. Alikuwa anamwita Subi "mke wangu."

Subi amepoteza meno mawili ya mbele, mbavu zimepata nyufa, mdomo umeshonwa. Daktari wa Iringa aliangalia mgongo wake kwa muda, akatoka nje, akarudi na muuguzi wa pili wauangalie wote na waandike. Gasto naye yuko wodini chini ya ulinzi. Wanasema sikio moja halitasikia tena. Jana walituruhusu, nikamleta Subi huku kwangu.

Leo asubuhi baba mkubwa amekuja. Nilijua amekuja kwa kitu gani kabla hajaketi, kwa jinsi alivyovua kofia.

"Ndugu zake wamenipigia," akamwambia Subi. "Kijana anajuta. Alipandwa na hasira, mwanamume kufungiwa geti lake mwenyewe siyo jambo dogo. Na huyu mdogo wako naye amemwumiza mtu. Tukiyapeleka mbele, na yeye ataingia humo humo. Yaishe kwenye familia."

Nilifungua mdomo nimjibu, Subi akanigusa goti ninyamaze. Hawezi kuongea sana, maneno yanatoka yamelowa. Alisimama. Akamgeuzia baba mkubwa mgongo, akashusha khanga.

Mzee aliangalia. Kisha akaangalia dirisha, akaangalia chai yake.

"Jifunike, mwanangu," akasema.

Hakujifunika. Alibaki amesimama hivyo hivyo, mabega wazi kwenye baridi hii, mpaka mzee alipochukua kofia akatoka. Chai aliiacha. Mlangoni akaniuliza basi la Iringa linaondoka saa ngapi, nikamwambia, akaitikia kwa kichwa. Kama atakuja kituo cha basi au hatakuja, sijui.

Kesho tunarudi Iringa kutoa maelezo. Askari mmoja wa kike wa dawati la jinsia, pale polisi Iringa, ameshaniambia ataniuliza nilimpiga mara ngapi na alikuwa katika hali gani. Nimekuwa nikijiambia kwamba nitasema sikumbuki. Lakini ninakumbuka vizuri mno. Nitasema mbili. Nitasema la pili alikuwa chini. Wakinipeleka, wanipeleke, ila sitaki kuwa mtu anayepiga halafu anaeleza kwamba alipandwa na hasira. Sentensi hiyo nimeshaisikia leo.

Jambo lililokuwa linanitafuna zaidi ni jingine. Ni yale magoti yake pale jikoni. Aliniomba niunganishe nikakataa, na meno yaliyotoka ni yake, siyo yangu. Kila nikifumba macho naona ningebonyeza tu, taa zikawaka kijani, Gasto akaingia taratibu na mimi nikampa mkono, na labda pale angetulia.

Mchana nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza. Alikuwa kitandani kwangu, nampa mtori kwa kijiko.

"Dada, unanilaumu kwamba sikuziunganisha?"

Alimeza kwanza. Akafikiria, akashika mdomo wake kwa kitambaa ili maneno yatoke.

"Ungeunganisha," akasema, "geti lingefunguka kimyakimya. Kama siku zote. Mama Vumi asingesikia kitu."

Akafungua mdomo nimpe kijiko kingine.