Ndege Yenye Mkia Mzito

4 Machi

Baba, shikamoo.

Natumaini u mzima, na mgongo wa mama umepoa. Mimi sijambo, kazi ya kukagua vipuri kiwandani inakwenda.

Najua mwandiko wangu utakushangaza. Ni miaka miwili tangu nibamize mlango wa karakana yako na kusema mbao zimenichosha. Sasa nimerudi kwenye mbao: nimeunda ndege ndogo ya kuongozwa kwa rimoti. Jumapili niliirusha mbele ya kundi la warushaji. Ikainua pua, ikayumba, ikaangukia mkia. Mmoja akaniambia, "Dada, wewe kaa ushangilie tu."

Mchoro unataka ndege itulie ikishikwa chini ya mabawa, robo ya upana wa bawa kutoka ukingo wake wa mbele. Lakini vidole vyangu vinatetemeka, kila nikijaribu napata jibu jingine. Nifanyeje?

Mwanao

19 Machi

Marahaba, mwanangu.

Mama yako anainama na kuinuka bila kulalamika, ila anaponiona mimi. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Ndege sizijui, ila kitu kinacholalia upande nakijua. Vidole viache. Chukua ubao, toboa matundu mawili, simamisha penseli mbili, ufutio juu. Tia alama chini ya kila bawa, uiweke ndege juu ya penseli. Ikilalia mkia, usikimbilie kuongeza uzito. Sogeza betri mbele kwanza. Pua iiname kidogo tu, kama mtu anayeitikia salamu.

Kisha ining'inize kwa uzi, puani na mkiani. Bawa litakaloinuka ndilo jepesi. Lipachike msumari mdogo nchani.

Na huyo wa kushangilia, mwachie kiti chake.

Baba yako

2 Aprili

Baba, shikamoo. Mama naye shikamoo yake.

Betri ilisogea upana wa vidole viwili, pua ikainama. Bawa la kushoto likapata msumari wake. Jumapili ilipaa, na mzunguko wa pili nikaachia vijiti vya rimoti: ikaenda yenyewe, imenyooka. Yule bwana akaja kuuliza, "Fundi wako nani?" Nikamjibu, "Fundi ni mimi. Aliyenifundisha ni baba yangu."

Baba, siku ile nilikukosea. Nimekaa na neno hili miaka miwili nikikosa pa kuanzia. Niwie radhi.

Mwanao

6 Juni

Marahaba, mwanangu.

Sisi wazima. Nimekuweka miezi miwili bila jibu, najua ulihesabu siku. Sikununa, nilikuwa na kazi. Radhi ulikuwa nayo kabla hujaiomba, mama yako shahidi.

Nimeunda ndege. Mama yako anasema nimezeeka vibaya. Mahali pa betri nimeweka kipande cha chuma, na juu ya penseli imetulia tuli. Mota na rimoti uje navyo wewe. Imekaa kwenye meza ya kazi, na makabati ya wateja yamehamia nje. Kila anayeingia namwambia asiiguse, rubani yuko njiani.

Baba yako